Nane kwa Sinia Moja

Kaka yangu Mbelwa alirudi na begi moja,
kikohozi, na mikono iliyozoea
kurusha unga hewani ukashuka duara.
Miaka kumi na moja Bruklini. Sikuuliza zaidi.
Mimi nilikuwa na tanuri la marehemu mume wangu,
Ngamiani, barabara ya kumi na tatu,
limepoa tangu watu waache boflo
wakahamia mkate wa kiwandani, ule wa kwenye nailoni.

Akaniambia, unga ulale.
Ulale wapi, kwani mgonjwa?
Kwenye friji, siku nzima na usiku wake.
Asubuhi nikafunua: mapovu, na harufu ya togwa.
Nikanyamaza. Togwa naijua.

Nyanya za Lushoto, zimepondwa kwa mkono, chumvi, basi.
Jibini nyeupe ya maziwa ya hapahapa,
inayovutika kama kesi ya mirathi.
Nikataka tui. Akakataa.
Nikataka papa mkavu.
Akakaa chini, akashika kichwa.

Kisu chenyewe hakikuwepo mjini.
Fundi Shekalaghe wa baiskeli akachukua gia kuukuu,
akasaga meno yote, akatia mpini wa mpera,
na chuma kilichokuwa kikipeleka samaki Makorora
sasa kinapita juu ya jibini, mara nne,
vinatoka vipande vinane, vyenye ncha,
kama sambusa zilizokataa kufungwa.

Siku ya kwanza watu walisimama mbali.
"Kipande? Nzima anakula nani?"
"Marekani ndivyo piza inavyouzwa," Mbelwa akajibu,
kwa sauti ya mtu aliyeshuka jana.
Bi Mwanakheri, wa genge la ng'ambo, akacheka
mpaka khanga ikamvuka.
"Marekani! Mimi nyanya nauza fungu,
mafuta ya kula napima kwa kibati,
mwanangu ananunua sigara moja
na nusu yake anamwekea mwenzake.
Papa kipande, muhogo kipande,
nyumba yenyewe tumepanga chumba chumba.
Hao wenzako kipande wamekijua lini?"
Akafungua pindo, akatoa elfu mbili, akala.
Akaomba na cha mjukuu.

Shida ikawa kusimama.
Kule, alisema, unakikunja kati kama barua,
unakula huku unatembea,
mafuta yanatafuta kiwiko,
humjui mtu, mtu hakujui.
Hapa hakuna aliyekubali. Kula wima ni kula na shetani.
Wakaomba maji ya kunawa. Wakaomba mkeka.
Wakaketi, kila mtu na kipande chake mikono miwili,
wakaanza kupeana habari za msiba wa Chumbageni
na nani hakuonekana mazikoni.

Mbelwa aliwatazama kutoka mdomoni mwa tanuri,
unga mpaka kwenye nyusi.
"Miaka kumi na moja," akasema,
"kitu hiki sijapata kukila nimekaa."
Nikamsogezea kigoda.

Mmoja tu alikula kama wa kule:
Sechonge, kijana wa maziwa.
Mkono mmoja kwenye usukani, mwingine na kipande,
kimekunjwa barabara, kinachuruzika,
madumu yanagongana nyuma,
akakata kona ya stesheni akitafuna
na jibini ikimfuata kama uzi wa tiara.
Mbelwa akasimama akapiga makofi, peke yake,
watu wa mkekani wakamshangaa.

Jioni hubaki kimoja, siku nyingine viwili.
Nakirudisha tanurini kidogo,
chini kikauke, kilie kwaru ukikigusa.
Nakikata kwa gurudumu la Shekalaghe:
ncha yangu, ukingo wake.
Yeye hupenda ule ukingo mgumu, uliobabuka.
Utotoni tuligombea ukoko wa wali,
akashinda siku zote, na bado anashinda.
Anautafuna taratibu, macho barabarani,
akihesabu sijui nini.

Mimi nangoja ageuke akakohoe,
halafu natia achari ya embe.